Malalamiko Dhidi ya Meneja Anayenipenda Bila Kunijulisha

Ghala la Nyavu,
Ushirika wa Wavuvi Tuvute Pamoja,
Musoma.
14 Machi, 1984

Ndugu Katibu Mkuu wa Ushirika,

YAH: KUPENDWA NA MENEJA BILA KUFUATA TARATIBU

Salaam kutoka ghalani. Sisi ni wazima, nyavu ndizo hazipo. Mimi ni Dafroza Masatu, mpiga chapa wa ghala hili kwa mwaka wa tano sasa. Kwa heshima zote naleta malalamiko dhidi ya meneja wangu, Ndugu Keraryo Mhoja, aliyekuwa sajini, ambaye alirudi kutoka vita vya Uganda na vipande vya chuma kwenye goti la kushoto. Meneja huyu ananipenda. Sina ugomvi na jambo hilo. Ugomvi wangu ni kwamba hajanijulisha.

1. Kila nikiingia ofisini kwake, anasimama. Goti lake halikunjuki upesi, kwa hiyo kusimama kwake ni kazi ya mikono miwili, meza na fimbo. Kwa siku naingia mara kumi na tano. Daktari alishamkataza, na jioni mguu unakuwa umevimba. Nikaamua kupitisha karatasi dirishani. Akaanza kuja kusimama dirishani. Nikamwambia, "Afande, kaa tu." Akasema, "Nikikaa sikuoni vizuri." Halafu akaona aibu, akaniamuru nichape upya orodha ya nyavu, nakala saba. Nyavu hizo ziliisha mwaka 1982.

2. Desemba kila mtumishi aligawiwa mche mmoja wa sabuni. Mimi nilikuta miwili kwenye droo yangu. Kwa wiki tatu Ndugu Meneja alivaa shati lililofuliwa kwa majani ya mpapai, likageuka kijani mgongoni, wavuvi wakadhani ni sare mpya. Mzee Bernado, tarishi wetu, akaniambia, "Huyu hakuwaga hivi. Huyu alikuwaga anatukaripia mpaka vikombe vinatetemeka." Naomba ofisi yako inieleze: sabuni hiyo niipokee kama mgawo, kama posho au kama posa?

3. Januari tulikwenda kisiwa cha Rukuba kukagua mitumbwi. Njiani upepo ukabadilika, maji yakaanza kuingia. Yeye hajui kuogelea. Alinipa fimbo yake akasema, "Shika hii, inaelea." Nikamwuliza, "Na wewe?" Akasema, "Mimi ni askari." Nikamwambia askari naye anazama, na yeye akizama mimi sitakuwa na haja ya kuelea. Tulipofika Rukuba, watu wanamsaidia kushuka, ndipo akasema, "Nimekusikia." Mpaka leo sijui niiweke kauli hiyo kwenye jalada lipi.

4. Katika fomu yangu ya tathmini ya mwaka, penye "mapungufu ya mtumishi", ameandika: Hana mume. Penye "hatua zilizochukuliwa", ameandika: Suala linashughulikiwa na ofisi ya meneja. Ndugu Katibu, nakuhakikishia halijashughulikiwa.

Ningevumilia hayo yote. Lakini Jumatatu alinipa barua yake niichape, na ndani yake anawaomba ninyi ahamishiwe ghala la Bunda "kwa sababu za kiafya." Nikamfuata Mzee Bernado, naye akanieleza alichoambiwa na meneja: kwamba mwanamume asiyeweza kukimbiza hata ndama hana uso wa kwenda Butiama kumwomba baba yangu binti, na afadhali aondoke kabla sijamzoea.

Nimeshamzoea. Barua yake nimeikosea makusudi mara sita, na utepe wa mashine umekwisha. Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono.

5. Kwa hiyo naomba uhamisho huo ukataliwe. Naomba pia Ndugu Meneja aagizwe kwa waraka kunitamkia ndani ya siku kumi na nne, saa za kazi, mbele ya shahidi. Akishindwa, ashtakiwe kwa kukalia moyo wa mtumishi bila stakabadhi, nami nitatoa ushahidi popote, hata Mwanza kwa nauli yangu.

Nawasalimu wote hapo makao makuu, hasa yule mama wa masijala aliyetuahidi karatasi za kaboni. Mwambieni bado tunazingoja.

Wako mtiifu katika kazi, na katika hili lingine,

Dafroza Masatu

N.B. 2 Aprili. Utaratibu unataka barua ya mtumishi ipitie kwa meneja wake, kwa hiyo nilimpelekea. Aliisoma mara mbili, akaniomba mimi ruhusa ya siku moja. Kesho yake akapanda lori la chumvi, peke yake, hadi nyumbani kwetu. Mdogo wangu Esta anasema baba hakuuliza habari ya mguu. Alitandika mkeka, akamkaribisha ugali. Kuketi kulimchukua muda mrefu. Hakuna aliyemshika mkono wala aliyecheka. Baba alishanawa, akamngoja mpaka akaketi, ndipo akamega. Ndoa ni baada ya Pasaka.

Hivyo naomba malalamiko yote hapo juu yafutwe, na ule uhamisho wa Bunda uidhinishwe haraka. Siwezi kuolewa na bosi wangu. Watu watasema mume nimepewa kwa upendeleo.