Mfalme Aliyelazwa Ijumaa

Jumatatu, tarehe 3

Malkia wangu kaliwa. Saa nne, wakati wa chai, watu wote wanaona. Nilimwacha peke yake katikati ya ubao, shemeji akampitia na farasi bila hata kuweka kikombe chini.

Niandike mambo yalivyo. Karakana yetu ya ushonaji ina vyerehani viwili na dirisha moja. Kila mwaka mimi na shemeji, kaka wa mke wangu, tunaligombea kwa sataranji. Kila mtu hatua moja kwa siku, saa ya chai. Mshindi anakaa dirishani mwaka mzima. Anayeona maji yamezidi unga anamlaza mfalme wake kwa heshima, anahamia kona ya giza, yameisha. Lakini anayeng'ang'ania mpaka mfalme abanwe anahamia kona na kazi ya kushona vifungo vya sare zote za shule juu yake, mpaka muhula uishe.

Mama wa Pasi, mpiga pasi wetu na ndiye mwamuzi, kauliza kama nalaza leo au kesho. Nimemjibu ndio kwanza nachangamka.

Ukweli, na ubaki humu daftarini: kona siiwezi. Nina miaka hamsini na miwili na tundu la sindano silioni. Kila asubuhi mke wangu ananitungia sindano ishirini, nazichomeka chini ya kola. Dirishani, nilipo mwaka huu, nasukuma siku. Kule gizani hata kitambaa chenyewe nitakitafuta kwa mikono. Fundi asiyeona huonewa huruma, na huruma mimi sitaki.

Jumanne, tarehe 4

Mbinu ya kwanza: kuwachosha. Nimeshika kidevu tangu chai inamiminwa mpaka vikombe vinaoshwa. Nilipanga kufikiri hivyo hadi mwezi wa sita. Mama wa Pasi kasema nisipocheza ataisogeza hatua yangu yeye mwenyewe kwa ncha ya pasi, ikiwa ya moto. Nimesogeza askari.

Mbinu ya pili, nyumbani. Nimemwomba mke wangu amwambie kaka yake kwamba silali wala sili, pengine ataingiwa na imani. Kasema jana nilikula sahani mbili. Halafu kaniambia nikapime macho. Nimejifanya nasinzia.

Jumatano, tarehe 5

Mbinu ya tatu: kuguna. Nimeguna, nimeshusha pumzi, nimetikisa kichwa kama mtu anayeaga. Shemeji kajiona keshashinda, kacheza huku anaongea na simu. Kaacha ngome yake wazi kabisa.

Nimeila! Simu kaikata bila kuaga. Mama wa Pasi kaacha pasi juu ya shati mpaka likatoa moshi. Wangenisikiliza Jumatatu.

Alhamisi, tarehe 6

Askari wangu wa pembeni kabakiza hatua moja afike mwisho ageuke malkia. Shemeji kaomba ajibu kesho. Mama wa Pasi kakubali. Jumanne mimi nilitishiwa pasi. Nimeyameza.

Halafu mwamuzi huyo kaleta jambo la kipuuzi. Ubao wetu ni wa zamani na kete mbili za shemeji zilipotea, kwa hiyo malkia wake ni kigurudumu cha uzi cha cherehani, bobini nyeusi, na farasi wake mmoja ni bobini ya uzi wa bluu iliyokoza. Mama wa Pasi anataka moja ipakwe chaki, eti zinafanana. Nimewaka. Nimemwambia fundi wa miaka thelathini kazini asiyejua nyeusi na bluu afunge duka akauze karanga. Chaki imerudi kwenye kopo.

Ijumaa, tarehe 7

Nilitoka kunawa mikono. Kurudi, shemeji keshacheza. Nikainama. Bobini nyeusi, malkia, karibu kabisa na mfalme wangu. Hatua ijayo ananibana. Huku hakupitiki, kule hakupitiki. Nikaviona vile vifungo, maelfu, na matundu manne kila kimoja.

Mwanaume anajua saa yake. Nikasimama, nikafunga koti, nikasema maneno machache kuhusu heshima na undugu. Nikamlaza mfalme, nikampa shemeji mkono.

Mama wa Pasi kaiokota bobini, kavuta uzi kidogo, kauweka juu ya suruali yangu nyeusi. Kasema, pole pole, kwamba hii ni bluu. Ni farasi. Malkia yuko kule pembeni, kazibwa na askari wake mwenyewe. Farasi pale hatishi chochote. Ningemsogeza askari wangu tu, dirisha lingebaki langu.

Nimesema nilijua, ila nilitaka kuonyesha uungwana. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Shemeji alikuwa ananitazama kola. Kachomoa sindano moja, kaiona ina uzi tayari, kairudisha.

Jumamosi, tarehe 8

Kona. Nimepinda suruali nyeusi ya mwalimu kwa uzi wa bluu. Saa sita mwalimu karudi nayo.

Mama wa Pasi alipotoka, shemeji kavuta kiti. Kaniuliza kwa upole kwa nini nalitaka sana lile dirisha. Kasema nimwambie ukweli tu, atahamisha cherehani chake saa ile ile, mambo ya sataranji tuyasahau. Neno lilishafika kwenye ulimi.

Nimemwambia ni upepo. Kwamba mimi joto huwa linanisumbua.

Kasema sawa. Saa kumi kaniletea feni ya mezani kutoka kwake, kaielekeza usoni pangu.

Nyumbani nimekuta miwani mpya karibu na sahani yangu. Nimeivaa sekunde tatu mbele ya kioo. Nimeona mvi zangu zote. Iko kwenye droo.

Lakini nimemtaka shemeji mchezo mwingine, kuanzia Jumatatu. Kakubali. Ili pasiwe na utata, nimechagua mwenyewe bobini ya malkia wake: nyekundu, haina mjadala. Mama wa Pasi anasema ni ya kahawia. Mwanamke yule ana wivu na sisi mafundi.

Feni inapuliza vizuri. Jumatatu nitakwenda na sweta.