Ljubljana Haina Foleni

Bertrams, Johannesburg. Jumatatu, 8 Septemba 2025

Victoire,

Nimeamua kukuandikia. Daftari ni lile lako la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma zilikuwa tupu. Mbele bado kuna kiuno cha Mama Gaël wa kwaya, namba ambayo nitakwenda nayo kaburini.

Jana Firmin alikuwa na foleni tena. Unaikumbuka: kina mama wakitoka ibadani hawafiki nyumbani, wanavuka barabara kwenda studio yake kupigwa picha mbele ya kile kitambaa cha Paris. Kumi na wawili walikaa kwenye ngazi zangu, ng'ambo yake, wakisubiri zamu. Mmoja aliegemea mlango, nilipoufungua akaingia nao. Nilidhani mteja! Nikashika futi. Akasema hapana, papa, alitaka tu mahali pa kuegemea.

Jioni dada yako Orpha alipita. Kuanua matanga ni Jumamosi tarehe 27. Mwaka mzima, Victoire! Anataka picha yako kubwa ukutani. Nikamkumbusha kwamba tunayo moja tu, ile ya karatasi ya ukimbizi, ambamo una uso wa mtu aliyesimama tangu alfajiri. Akasema ndiyo hiyo, Firmin ataukata uso na kuuweka Paris. Nikasema kamwe! Akauliza nitauweka wapi. Nikasema nina mpango.

Sikuwa nao. Ila nilishasema.

Jumanne, 9 Septemba

Mpango umepatikana! Ulikuwa ndani ya Biblia yako. Ule ukurasa uliouchana kwenye gazeti la kliniki ukikohoa ili nesi asisikie. Mwandishi anasihi watu waache kwenda Paris na Venice, huko wanakanyagana. Waende miji isiyojulikana. Na picha ya Ljubljana, mji wa nchi iitwayo Slovenia: mto, daraja, viti pembeni ya maji, na hakuna mtu hata mmoja. Ulisema, "Papa Sagesse, huku ndiko. Mtu anakaa mpaka miguu inapoa."

Miguu yako ilikuwa imeanza kuvimba. Jumapili iliyofuata tulisimama kwa Firmin saa mbili nzima. Nilimwomba akupitishe mbele, sisi ni majirani. Akasema Paris ni Paris, kila mtu na zamu yake. Ukasema twende nyumbani, Paris haihami. Sijamsamehe. Naandika hapa nisije nikasahau kutomsamehe.

Basi nafungua studio yangu. Ljubljana! Haina foleni. Tena kuna hekima zaidi: kwetu Kalemie, picha zinakotumwa, wote wanajua kwamba Paris ni kitambaa cha Firmin. Hata ule mkunjo unaoukata Mnara katikati wanaujua. Lakini Ljubljana nani kaiona? Nani atabisha?

Na wewe nawe utakuwa huko. Ukutani, tarehe 27.

Jumatano, 10 Septemba

Kitambaa nimetumia shuka letu kubwa. Siku hizi nalala upande mmoja, upande wako unabaki umenyooka kama ulivyotandikwa. Hasara tupu.

Mchoraji ni Bakiri, yule Mrundi anayechora mabango ya saluni. Nilimpa ukurasa wako aushike kwa ncha za vidole. Ile alama ya pasi uliyoiunguza siku ya ubatizo wa mwanetu Sagesse ameigeuza mtumbwi. Nikatoka nje kidogo.

Jumamosi, 13 Septemba

Imekwisha. Mto mzuri. Nyumba nzuri. Niliomba mji mtupu, Bakiri akasema mji bila watu haupendezi, akaweka wapita njia wanne. Wazungu wote wa Ljubljana wamesukwa. Mmoja ana denge safi kabisa. Nikamwambia awafute, akawafuta akinung'unika.

Kwenye daraja kuna joka. Kwenye gazeti lipo pia, ni sanamu, dogo, la kijani. Bakiri kalifanya kubwa. Macho yanakufuata mpaka jikoni. Nadhani ndiyo kazi aliyokuwa akiisubiri maisha yake yote.

Sagesse alitazama muda mrefu. Akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nimekula.

Jumapili, 14 Septemba

Ufunguzi. Nilisimama kwenye robot ya kona, zile taa za kuongozea magari, nikiwaita watu watokao kanisani: Ulaya bila kusukumana! Mama Gaël akaja na kina mama watano, nikamwona Firmin akichungulia dirishani. Raha!

Raha ya dakika moja. Mama Gaël alisimama mlangoni kama gari lililokatika breki na kupata ukuta. "Papa Sagesse, lile ni nini?" Nikasema ni sanamu ya darajani. Akasema, "Ufunuo, sura ya kumi na mbili!" Nikasema ni utalii. Akasema, "Mimi nimefunga siku ishirini na moja nikimkemea huyo, leo nipige naye picha nitume kwa mama yangu?" Wakaimba beti mbili hapo hapo mlangoni, wakavuka barabara.

Walikuta foleni imeongezeka. Wakarudi kusubiri kwenye ngazi zangu.

Jumatano, 17 Septemba

Nimemwomba Bakiri aligeuze joka kuwa Simba wa Yuda. Alihuzunika kama mtu anayechinja mbuzi aliyempa jina. Kumbe hajui kuchora simba. Anajua kuchora nywele. Simba ametoka na manyoya ya kutengenezwa vizuri mno na uso wa mtu anayeomba mkate.

Orpha alikuja kukagua. Nilimweleza: gauni lako la bluu litatundikwa mbele ya mto, na juu yake uso wa ile karatasi. Alikaa kwenye kiti cha cherehani yako. Akasema polepole, "Shemeji, mdogo wangu hakuwahi kuishi na simba." Amenipa mpaka Ijumaa. Nikishindwa, ni Firmin na Paris.

Jumapili, 21 Septemba

Ushindi! Ushindi kabisa! Mama Gaël kamkubali simba. Amepigwa picha ameketi kwenye kigoda, mkono shavuni, mto nyuma yake, mji mtulivu. Kisha Jacques, anayelinda magari pale uwanja wa mpira wa Ellis Park, na koti la kuazima. Kisha kina mama wawili. Wote wakatuma Kalemie hapo hapo kwa simu. Chini ya picha waliandika tu: Ljubljana.

Firmin alikuwa na foleni ya watu tisa tu. Nilimpungia mkono. Akanipungia pia, mnafiki.

Jumanne, 23 Septemba

Eish, Victoire.

Wameamini.

Paris haimtishi mtu kule, wanajua ni kitambaa. Ljubljana hakuna aliyeijua, basi wakaamini neno kwa neno. Mama yake Mama Gaël amepiga simu mara kumi na moja. Ameuliza huko ni wapi na nani amempeleka. Ameuliza mbona mji hauna watu. Wamekimbia? Kuna vita? Maana kwa mama yule, mji mzuri usio na mtu ni mji uliokimbiwa, na yeye ameshakimbia miwili. Mama Gaël akamwambia ni utulivu tu, mama. Mama akajibu kwamba na kwao kulikuwa hivyo hivyo, utulivu tu, asubuhi ile. Sasa parokia nzima inamwombea atoke salama. Tena mama anauliza: na yule simba amefungwa?

Jacques naye, wakwe zake wamefurahi. Wamemtumia majina ya ndugu sita atakaowapokea, na saizi za viatu vyao kwa ajili ya baridi.

Nilimweleza Mama Gaël kwamba hayo ndiyo mafanikio ya kazi: picha imeaminika. Alinitazama kwa namna ambayo simba hawezi.

Jumatano, 24 Septemba

Sikukuu ya taifa. Bertrams yote ni moshi wa nyama. Wateja wangu wote wanne wamesimama kwa Firmin, mbele kabisa Mama Gaël. Nilivuka kuwauliza sababu. Jacques akaeleza, na hakuwa na hasira hata kidogo, ndiyo maana iliniuma. "Papa Sagesse, wakiuona ule mkunjo kwenye Mnara, moyo unatulia. Wanajua tupo Johannesburg."

Walikaa kwenye ngazi zangu. Niliwapa maji, kwa kuwa wewe uliwapa siku zote.

Ijumaa, 26 Septemba

Leo ndiyo siku ya mwisho aliyonipa Orpha. Nilitundika gauni la bluu mbele ya mto. Nilipachika uso wa karatasi juu ya kola. Nilirudi nyuma nikaangalia.

Hukuwa wewe. Lilikuwa gauni limesimama darajani, na juu yake mwanamke ambaye bado anangoja aitwe jina lake. Simba anamwomba mkate.

Sagesse aliingia. Safari hii alisema kwa Kiswahili, kile chake cha kuvunjika: "Papa, toa. Tafadhali toa." Nikatoa.

Orpha hakunigombeza. Alichukua ile karatasi akaiweka kwenye mkoba, akavuka barabara kwenda kwa Firmin. Umeshindwa, nikajiambia. Kesho mke wako atakuwa Paris, kwenye mkunjo.

Jumamosi, 27 Septemba

Nguo nyeusi tumevua. Ukumbi wa kanisa Troyeville ulijaa, wengine walisimama nje. Watu wengi hivyo, na hakuna aliyesukumana. Ukuta wa mbele ulikuwa mtupu, una msumari tu. Nilikuwa nausubiri Mnara.

Firmin akaingia na fremu imefunikwa gazeti. Hakumpa Orpha. Alinipa mimi. Nikafunua.

Hakuna Paris. Ni wewe. Umeketi kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa, mahindi ya kuchoma mkononi, unacheka kinywa kimejaa. Nyuma yako ni ukuta wa fundi matairi, ule wa bluu unaobanduka, pale foleni ilipokunja kona. Pembeni kuna kiwiko cha mtu. Ni changu. Nilikuwa nakueleza kitu, sijui nini.

Firmin akasema siku ile alijaribu mwanga dirishani kabla ya kumwita mteja mwingine, akapiga foleni yote. Aliiona picha hiyo wiki ya msiba. "Kaka, niliogopa kuileta. Ungeniuliza kwa nini sikumpitisha." Nikamwambia ningemuuliza kweli. Akasema, "Hata sasa niulize." Sikuuliza. Tulishikana mikono muda mrefu kuliko kawaida.

Ilitundikwa. Kina mama walipoiona walicheka kwanza, ndipo wakalia. Hakuna aliyeuliza pale ni wapi. Wote wamewahi kusimama pale.

Jumatatu, 29 Septemba

Sikulala kwa furaha. Mpango!

Nimeona wazi kosa langu lilikuwa wapi. Ljubljana ilikuwa mbali mno. Watu wanataka mahali pasipo na fahari, pasipoandikwa kwenye gazeti lolote, wanapopajua wenyewe. Ukuta wa fundi matairi! Jana watu watatu walisema wangependa picha kama yako. Nimeshampa Bakiri upande wa pili wa shuka. Atachora ukuta: rangi ya bluu, pale inapobanduka, ndoo. Ameomba aweke na watu wachache waliosukwa. Nimemruhusu wawili.

Sagesse aliniuliza kwa nini watu wasisimame tu kwenye ukuta wenyewe, hatua ishirini kutoka mlangoni. Nikamweleza kwamba haelewi biashara. Huko nje kuna jua, upepo, vumbi, na foleni ya Firmin imeufunika wote. Kwangu ukuta utakuwa mtupu, mtu anasimama kwa nafasi yake.

Firmin amesema ni wazo zuri sana. Alisema haraka mno. Huyu mtu namtilia shaka, nitamchunguza.

Ndoo ile ile nimeinunua kwa fundi matairi. Nimeipangusa. Kwanza nimekaa mimi, kuipima.

Huko uliko naamini hakuna anayesukumwa. Ukipata kiti karibu na mto, kaa, miguu ipoe. Nami unikumbuke.