Nenosiri la Kapita

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Mwezi wa saba tangu nitoke Ngara. Bado nabeba zege hapa Mbugangari, ng'ambo ya mpaka. Mgongo umekwisha. Lakini imetokea nafasi! Injinia Umutesi anatafuta kapita, msimamizi wa vibarua, kwa jengo jipya karibu na ziwa. Maombi kwa imeili. Nikiipata, narudi kwa mke wangu Niyigena kichwa juu. Nisipoipata, sirudi. Kwa uso gani?
Tatizo ni Gad. Tunabeba zege pamoja, tunalala chumba kimoja, tunachangia chaja, anasoma kila kitu. Na kazi hiyo anaitaka.

Jumanne, 7 Oktoba
Dawa imepatikana. Kuna imeili inayosimba barua: huna nenosiri, unaona mchafuko wa herufi tu. Nimeandika ukweli wote, hata kwamba Bizimana, kapita wetu wa sasa, hajui kushika pimamaji. Nikaifunga kwa nenosiri, nikatuma. Gad akachungulia. "We mutu, mubeba zege iko na siri gani?" Nikamwonyesha ule mchafuko wa herufi. Raha!

Jumatano, 8 Oktoba
Injinia kapiga simu, anataka nenosiri. Nilikuwa katikati ya mstari wa ndoo, mashine ya zege inanguruma. Hasikii. Nikapaza sauti: KAPITA NI MIMI! Hasikii. Tena! Tena!
Kwenye mstari wa ndoo, tukipokezana zege, mtu akianzisha neno wenzake huitikia, ili mikono iende pamoja. Wakaitikia. "Kapita!" "Ni mimi!" Ghorofa mbili nzima. Bizimana akaja kuuliza kapita ni nani. Vidole vyote kwangu. Nimehamishiwa kwenye mawe.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nilipolala Gad alichukua simu yangu, akafungua barua. Asubuhi akamsomea Bizimana kile kipande cha pimamaji. Bon, haya, akaniambia Bizimana, chukua vitu vyako uende.

Jumatatu, 13 Oktoba
Gad ndiye kapita wa jengo jipya! Alituma barua yangu kwa jina lake. Injinia alimsifu: imeandikwa vizuri na, zaidi ya yote, imefunguka. Gad kanionea huruma, kaniajiri. Kwenye ndoo. Ati nimwite Chef, yaani bosi.
Usiku huu nimemwandikia Injinia barua ya kumfichua Gad, nikaifunga. Nenosiri jipya ni refu, siwezi kulikumbuka, basi nimeligawa kwa wenzangu wa ndoo: mwanzo anao Rugwiro, katikati Byiringiro, mwisho Nziza. Hakuna aliye nalo lote! Kesho nitawapanga kwenye mstari kwa mfuatano huohuo, nisije nikachanganya.
Nimemwambia Niyigena achinje kuku. Krismasi narudi, tena kapita.