Menyu Isiyongoja Salamu

Jumatatu, 3 Mei 1993
Kompyuta ya bosi wetu Mzee Maneno, hapa mtaani Biryogo, sasa ina mifumo miwili. DOS, ule wa zamani wa maandishi matupu, ambao mwenzangu wa kazi Xavérine anachapia kadi za arusi. Na mfumo mpya wenye madirisha na rangi, niliouweka mimi. Ukiwasha, menyu inauliza unataka upi. Mzee amesema mafahali wawili hawakai zizi moja: Ijumaa anachagua mmoja, mwingine ufutwe. Mshindi kati yangu na Xavérine anapewa ufunguo wa chumba cha kompyuta na kile kiti kinachozunguka. Kiti nakitaka sana. Nasema wazi.

Jumanne, 4 Mei
Nimeichokonoa menyu. Usipochagua ndani ya nusu dakika, mashine inaingia yenyewe kwenye mfumo wangu. Kilichobaki ni kumchelewesha Xavérine. Rahisi. Huyu dada amelelewa: akisalimiwa, hawezi kumpa mtu mgongo mpaka salamu ziishe.

Jumatano, 5 Mei
Aliwasha, nikaingia. Nikauliza habari za usingizi, za mama yake kule Nyakabanda, za shangazi anayeumwa mguu. Akajibu moja moja, kwa adabu. Kugeuka: madirisha na rangi! Akazima, akawasha tena. Nikakumbuka sijauliza za mjomba.
Mzee akapita, akauliza mbona DOS haionekani. Nikasema labda imezeeka.

Alhamisi, 6 Mei
Xavérine kabadilika. Anasalimia kwanza watu wote, hadi muuza maziwa kule nje, ndipo anawasha. Nilipojaribu tena, akasema tumeshasalimiana, au nina homa? Ujanja wa kishamba.

Ijumaa, 7 Mei
Mteja wetu, Mzee Munyaneza, alifuata kadi za arusi ya bintiye. Mzee Maneno akaniambia nizitoe mimi, aone. Kadi ziko kwenye DOS. Printa nayo inaijua DOS tu. Na mfumo wangu sikuwahi kuiunganisha. Si neno, nitachagua DOS.
Nikawasha. Munyaneza akanipa mikono miwili, akanitakia ng'ombe wengi, kama watu wa huku wanavyosalimiana, akauliza za kwetu Bujumbura, nyumba kwa nyumba. Mtu wa umri wa baba yangu, ningefanyaje? Kugeuka: madirisha na rangi. Nikazima, nikawasha. Akaingia mkewe na mashangazi. Walikuwa wengi. Wote walinitakia ng'ombe.
Xavérine alikuwa ameshawasalimia mlangoni. Akawasha upya, akabonyeza mara moja, kadi zikatoka.
Ufunguo kapewa yeye. Kiti pia. Mfumo wangu unafutwa Jumatatu. Imeniuma.

Jumamosi, 8 Mei
Nimefikiri kutwa, kosa nimeliona. Nusu dakika ni ndefu mno! Nitaiweka sekunde tatu. Hapo hata kutikisa kichwa kutamchelewesha. Tatizo ni ufunguo tu. Jumatatu nitamwahi Xavérine mlangoni akishafungua, nimshike mikono yote miwili, niulize za mama, za shangazi, za mjomba. Akimaliza kujibu, mimi huyo ndani.
Sidhani kama atakumbuka kuniuliza za kwetu.