Kituo cha Michoro cha Ipogolo Chazinduliwa Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na amewakilishwa na mwakilishi wa mwakilishi wake. Waheshimiwa wakuu wa idara, vitengo na madawati. Baba mchungaji na baba paroko, mliotuombea kwa zamu ili asiwepo wa kununa. Wafugaji wetu kutoka Usangu. Wananchi wa Ipogolo mliokaa juani kwa sababu turubai limeishia kwa wakubwa. Na kila ambaye cheo chake nimekiruka, ajihesabu ametajwa kwa sauti kubwa. Kwa salamu ya kwetu: kamwene. (Kamwene.)

Kwa majina naitwa Timotheo Abrahamu, Mratibu wa Uratibu wa Ubunifu wa Kanda, na nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wenzangu ofisini wanasema haujawahi kuonekana kwa kiongozi wa ngazi yangu, ili kuzindua Kituo cha Kanda cha Ubunifu wa Michoro, chenye vyumba kumi na viwili, kompyuta arobaini, mashine ya kuchapa mabango na choo cha ndani. (Makofi. Mama Yusta, muuza maandazi, anauliza jengo liko upande gani.) Mama yangu, hilo lipo ukurasa wa tatu wa hotuba, tusirukie.

Ndugu wananchi, naomba nikiri jambo. Wapo wanaodhani graphic design ni kuchora maua pembeni mwa karatasi. Nilikuwa mmoja wao. Mwaka juzi tulipotaka kutangaza chanjo ya ng'ombe, nilimwambia katibu muhtasi wangu, Kalista, atengeneze bango mwenyewe, naye akachukua kadi ya send-off ya mdogo wake, akafuta majina, akaandika chanjo juu ya yale mawaridi na njiwa wawili. Siku ilipofika wafugaji walikuja mia mbili na kumi na saba, wamependeza, wana vitenge na mabeseni ya zawadi, bila ng'ombe hata mmoja. (Vicheko. Mzee Magesa, mfugaji, anasema yeye alileta seti ya vikombe na mpaka leo hajarudishiwa.) Mzee wangu, vikombe vile vinatumika ofisini na vinathaminiwa.

Ndipo tukamwita mtaalamu. Eveline, simama mwanangu, wakuone. (Binti anasimama, amekumbatia kompyuta iliyofungwa kwenye blanketi.) Huyu alikuwa na kibanda cha mabango pale Mbalizi, karibu na soko. Hakuniuliza rangi ninayoipenda, ingawa nilimtajia mara nne. Aliuliza nani atalisoma hilo bango, atalisoma amesimama au anaswaga ng'ombe, na akishalisoma afanye nini. Kisha akachora ng'ombe mmoja, tarehe moja na mshale. Basi. Nikamwambia mbona pana nafasi tupu, tuweke picha yangu. Akanijibu kwa adabu kwamba hiyo nafasi tupu ndiyo inayomfanya mtu aione tarehe. Waheshimiwa, walikuja ng'ombe elfu nne mia mbili na kumi na wawili, ongezeko la asilimia ambalo kikokotoo kimeshindwa kulitoa, kwa kuwa mwanzo ilikuwa sifuri. (Makofi marefu.) Hiyo inaitwa visual communication, na niliisimamia mimi.

Kwa hiyo, kwa kuzingatia mahitaji ya stakeholders na kwa mtazamo wa kimkakati ulio jumuishi na shirikishi, nilimwagiza Eveline afunge kibanda chake aje kuwa mwalimu mkuu wa kituo, naye akaja na wasichana tisa anaowafundisha, wale pale kwenye benchi, ambao wanaanza masomo Jumatatu. Kibanda cha Mbalizi keshapewa fundi simu. Hivyo ndivyo sisi tunavyofungua fursa.

Sasa Mama Yusta, tumefika ukurasa wa tatu. Ili kuomba kibali cha kujenga, tulitakiwa kupeleka picha ya jengo litakavyokuwa. Kalista alijitolea, nikasema hapana, safari hii tuwe professional. Eveline akachora. Ndugu zangu, ile picha: kivuli cha mti kimeangukia ukuta, vioo vinaonyesha milima, mlangoni kuna hadi vumbi kidogo, vumbi letu hili hili jekundu. Makao makuu wakaitazama, wakaridhika, wakatuandikia barua ya kutupongeza kwa kumaliza ujenzi kabla ya muda, wakatupa cheti cha nafasi ya kwanza kwa kanda nzima, na wakafunga faili. Nikiri tena. Barua ya kuwasahihisha niliiandika mara tatu. Lakini cheti kilikuwa kimeshatundikwa ukutani, na kina fremu.

(Eveline anauliza, taratibu, bila kipaza sauti: "Mheshimiwa, sasa Jumatatu hawa naingia nao mlango gani?")

Swali zuri, la kitaalamu, na nimelichukua. Niseme hivi: kituo kipo kwa maana ya dira, kipo kwa maana ya nyaraka, na kipo kwa maana ya bango hili nyuma yangu, ambalo sasa nalifunua. (Anavuta kitambaa. Watu wanaguna, maana picha ni nzuri kweli. Mama Yusta anachungulia nyuma ya bango, anarudi, anamwambia Eveline kwamba stoo yake ya mahindi ipo tupu mpaka mavuno, ina bati, ina umeme, na panya anaowajua yeye ni wawili tu. Eveline anaweka kompyuta begani. Wasichana tisa wanainuka na benchi lao.)

Pendekezo hilo nimelipokea, na kwa mamlaka niliyopewa naitangaza stoo ya Mama Yusta kuwa tawi la kituo. (Mama Yusta, keshafika barabarani, anajibu kwamba stoo ni yake, na mtu asimletee cheti.)

Basi, nihitimishe. Nikisema Ubunifu, mnajibu Maendeleo. Ubunifu. (Mwakilishi wa mwakilishi: Maendeleo.) Branding. (Watu wamenyanyua meza kuu, maji ya chupa yakiwa juu yake, wanaipeleka stoo.) Nawashukuru nyote, na kwa namna ya pekee namshukuru binti yetu Eveline, ambaye kwa kompyuta moja ametujengea kituo pekee tulichonacho, maana tofali hatukuwahi kununua hata moja. Ahsanteni sana. Wakaguzi wanakuja Jumatano. Kalista, mkimbilie Eveline, mwombe atuongezee kwenye picha na wanafunzi wakitoka mlangoni. (Kalista ameshika mguu mmoja wa meza, anavuka barabara na wenzake.)