Kitanda cha Kuaibisha Mtaa

Laini alikiona kitanda kabla hakijamaliza kushuka kwenye lori, na moyo ukampasuka kwa furaha. Miguu imechongwa maua, mbao zimekuwa nyeusi kwa uzee. Dalali wa samani za kale angekipigia magoti. Waliokishusha walikuwa mume, mke na binti yao, wamehamia mtaa wa matajiri na masufuria yenye masizi na ndoo zisizo na mishikio. Majirani walichungulia juu ya kuta, wakarudi ndani bila kuwasalimu.

Laini, aliyepewa jina hilo kwa ulimi wake, alikuwa tapeli wa siku nyingi na alikuwa amechoka. Kitanda kile kingempatia duka, akae kitako auze sabuni kama watu wenye heshima zao. Akanyoosha tai, akagonga geti.

"Kamati ya mtaa," alisema. "Tunakaribisha wageni."

"Karibu, mwanangu," mama wa nyumba akajibu. "Tangu tufike hakuna hata mmoja aliyetuamkia."

Laini akashusha pumzi kama daktari mwenye habari mbaya. "Mama, nitasema kweli, usinichukie. Ni hicho kitanda."

"Cha marehemu mama yangu?"

"Mungu amrehemu. Lakini kitu kama hicho kikionekana huku, mtaa mzima unashuka hadhi. Mimi mwenyewe nasikia kichefuchefu." Akaziba pua kwa leso na kurudi nyuma hadi ukutani.

Mama akamgeukia mumewe, machozi yakimlenga. "Nilikwambia tutachekwa."

"Basi nikipasue kuni," mume akasema.

"Usithubutu, mzee," Laini akadakia upesi mno. "Kelele za shoka nazo ni aibu. Kamati itakiondoa kimyakimya."

"Halafu majirani wakute nyumba tupu, hata pa kukalia hakuna?" Mama akaanza kulia. "Bora tubaki nacho, tufe nacho."

Ikabidi Laini atoe seti yake ya makochi ya ngozi, kitu pekee maishani mwake alichokinunua kwa jasho la halali. Mama akanyamaza, kisha akakumbuka kwamba makochi hayakai bila meza. Laini akatoa meza ya kioo. Akakumbuka mapazia. Laini akayashusha madirishani kwake mwenyewe, roho ikimuuma, akijiliwaza kwa duka.

Alipofikishiwa kitanda, dalali wa samani hakuchukua muda. Alikwaruza mguu wa kitanda kwa ukucha, akanusa kidole, akacheka hadi akakaa chini.

"Majani ya chai na moshi wa jikoni. Hiki hakijamaliza mwezi, ndugu yangu. Hukukigusa?"

Angekigusaje, naye ameshaapa kwamba kinamtia kichefuchefu? Laini alirudi kule mtaani mbiombio, amekunja ngumi, makochi yake ayatake kwa heri au kwa shari.

Akaikuta sebule imejaa. Majirani wameketi juu ya ngozi yake, vikombe vyao juu ya kioo chake, wanacheka na wenyeji kama waliozaliwa pamoja.

"Huyu hapa," mama akasema kwa upendo. "Ndiye kijana wa kamati niliyewasimulia. Anaondoa vitu vya zamani vyote, wala hadai hata senti."

"Mimi nimestaafu upolisi na nakaa hapa miaka yote," akasema mzee mmoja wa mabega mapana, akimkagua Laini toka viatu hadi tai. "Sikujua tuna kamati. Nieleze basi, kijana, mnafanyaje kazi?"

Ulimi uliomlisha Laini miaka yote ukamlalia kinywani. "Tunachukua tu, mzee," akasema.

"Vizuri sana. Nina friji bovu."

Mwingine akakumbuka magodoro yenye kunguni. Wa tatu alikuwa na choo kilichopasuka.

Jua likiwa kali, Laini alisukuma mkokoteni kutoka getini, friji imelala juu ya magodoro. Mama wa nyumba akamsindikiza, akiwapungia mkono majirani ambao sasa walimwita dada. Akainama sikioni mwake.

"Siku nyingine, mwanangu," akamwambia kwa huruma ya kweli, "kitu kabla hujakitukana, kiguse."