Zamu ya Waifai

Jumatatu, 11 Agosti

Anaandika Mwalimu Vailet, mpangaji wetu. Mie nasema tu, kalamu sikuijua. Fadhila, binti wa mwanangu Hashiru, kajifungua jana huko Songea! Mtoto wa kike. Kasema Jumamosi, siku ya saba, atapiga simu ya picha, na bibi atakayemwona wa kwanza ndiye amtajie mtoto jina. Mabibi tupo wawili hapa Tumbi. Mie Mwanamvua, mke mkubwa wa marehemu Mwinyimadi. Na Mwanaamina, mke mdogo. Yeye hakujaliwa kuzaa, ila Fadhila kalelewa mgongoni kwake. Haya. Jina litakuwa Mwanamvua.

Leo kaja fundi Ambokile kufunga waifai. Kisanduku kikubwa kakiweka sebuleni, kimeungwa na waya wa nguzoni, anakiita mama. Vidogo viwili ndio watoto: mmoja chumba cha Mwanaamina, katikati ya nyumba, mwingine chumbani kwangu, mwisho kabisa, karibu na jiko. Wanasemezana bila waya! Nimeweka mkono ukutani nisikie mtandao unavyopita. Tofali la inchi sita! Kuku alikuwa kalala palepale chini, hata hakushtuka. Subhanallah.

Lakini kwa nini mke mdogo apate sawa na mimi?

Jumanne, 12 Agosti

Nimemwambia Hashiru, baba yenu aligawa zamu, siku mbili kwangu, siku mbili kwake, hakuna aliyelalamika. (Mwalimu, usiandike kuwa nililalamika. Kaandika.) Waifai nayo iende kwa zamu, tuanze na mkubwa. Hashiru kacheka mpaka kakaa chini. Mwanaamina hakubisha, kachomoa kisanduku chake mwenyewe kaniletea, na karanga za kukaanga juu. Huyo ndivyo alivyo, anakushinda kwa karanga.

Sasa ninavyo viwili! Taa zikawaka nyekundu, zote mbili. Simu haioni kitu. Nikajua tu, vinaoneana wivu. Nikavitenganisha kwa kanga. Bado.

Jumatano, 13 Agosti

Nyekundu. Wekundu mzuri lakini, kama macho ya komba. Nimeviangalia mpaka uji ukaungua.

Alhamisi, 14 Agosti

Nikafikiri: watoto wanamlilia mama. Hashiru kaenda kazini, nikamchomoa mama sebuleni nikamleta kwangu, nikawapanga watatu juu ya kinu. Waya wa nguzoni ukabaki unaning'inia. Nyumba nzima ikazimika mtandao. Mwalimu alikuwa kwenye mkutano wa kwenye kompyuta, anazungumza na afisa elimu, akabaki kinywa wazi.

Ambokile kapanda bodaboda toka Mlandizi. Kavikuta kinuni, kavua kofia. Kanieleza kwa adabu, shikamoo tatu. Eti mama bila ule waya hana cha kuwapa watoto. Na kisanduku changu kiko mbali, sauti ya mama haikifikii. Kinasikia cha Mwanaamina, na cha Mwanaamina ndicho kinasikia mama. Wanapokezana, kama watu wanaopasiana ndoo toka kisimani. "Bibi, ukimtoa wa katikati, wa mwisho anakufa kiu." Kavirudisha vyote mahali pake.

Taa yangu ikawa kijani. Kijani cha mpunga wa Ruvu! Machozi yalinilenga.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikulala vizuri. Kumbe kinachonifikia kimepitia kwa mke mdogo. Mie, mkubwa, nile makombo? Nimechomoa changu. Heshima kwanza.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku yenyewe. Simu yangu kimya kama jiwe. Heshima haipokei simu.

Mara Mwanaamina mlangoni. "Dada, njoo kwangu, mtoto yuko hewani. Nimewaambia wasubiri."

Nikaenda. Nikakaa kitandani kwake, mara ya kwanza katika miaka thelathini na nane. Na kwenye kioo, jamani, mtoto! Anapiga miayo! Yuko Songea, mie niko Tumbi, naziona kucha zake. Fadhila kasema, Bibi Mwanaamina, nimekuona wewe wa kwanza, taja jina. Nikashika godoro.

Mwanaamina kaisogeza simu kwangu. Akasema, "Mwiteni Mwanamvua."

Nimekosa la kusema. Mie! Mwalimu kaacha nafasi hapa ili ijulikane.

Jumapili, 17 Agosti

Nimewaza usiku kucha. Akina Mwanamvua sasa tupo wawili, Mwanaamina ni mmoja. Hesabu hiyo hata mie naiweza. Jumanne anakwenda Vihingo, Kisarawe, kuangalia mihogo yake, na chumba hafungi, mtu mwema yule. Nitakileta kisanduku chake kwangu, kikae na changu. Ile siku kosa lilikuwa kuviweka juu ya kinu. Safari hii vinakaa juu ya kabati.

Mwalimu kaweka kalamu chini, ananitazama. Andika, mwanangu. Juu ya kabati.